Chakula cha Bure Nacho Kina Ladha

Tuanze na neno ambalo wengine wametuomba tusiliandike: chakula kilikuwa kibaya. Kilichelewa, hakikuiva, na wenzetu watano waliondoka mezani na njaa. Tunaliandika hapa kwa sababu kwa wiki tatu tumeona watu wakilizunguka, kana kwamba mkimbizi akisema "hii haijaiva" amemtukana mtu.

Kwa ambao hawakuwepo, mambo yalikuwa hivi. Shirika moja (hatulitaji jina, maana shida hii si ya shirika moja) liliita vijana 22 kwenye semina ya uongozi ya siku tatu hapa Kampala. Tulikuwa mchanganyiko: Wakongo wengi, Wasomali, Waeritrea, Warundi, na dada wawili kutoka Sudan Kusini. Wengine walisafiri usiku kucha kutoka Nakivale na Kyangwali. Semina yenyewe ilikuwa nzuri, tuseme ukweli. Siku ya mwisho tukaambiwa kuna zawadi: chakula cha mchana kwenye mgahawa wa Kiitaliano, kule juu kwenye mitaa ya wenye pesa.

Tulikaa saa moja na dakika arobaini kabla ya sahani ya kwanza kufika. Hakuna aliyeulizwa anakula nini. Vyakula vilishachaguliwa kabla hatujafika. Tambi za carbonara zililetwa zimelala ndani ya krimu kama uji uliopoa, ukiinua uma zinakatika. Pizza ilikuwa imeungua chini, na katikati unga ni mbichi. Halafu karibu kila sahani ilikuwa na nyama ya nguruwe, na mezani tulikuwa na Waislamu watano, watatu Wasomali na wawili Wakongo wa Maniema. Mhudumu akawaambia, "Toeni tu hivyo vipande, mle kilichobaki." Wakala mkate. Halafu tukaombwa kusimama wote mbele ya bango tupigwe picha.

Tulipolalamika kidogo kwenye gari wakati wa kurudi, jibu lilikuwa moja, tena la upole kabisa: "Labda hamjazoea."

Hilo ndilo neno lililotufanya tukae chini na kuandika.

Tuulizane: nani hajazoea nini? Italia ilitawala Eritrea kuanzia 1890 hadi 1941. Somalia ya kusini nayo ilikuwa koloni la Italia, na hata baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waitaliano walirudi kuisimamia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, kuanzia 1950 hadi uhuru wa 1960. Waitaliano wakaondoka, tambi zikabaki. Msomali anaziita baasto, anazila na mchuzi wa nyama na ndizi mbivu pembeni, na ukishuka Kisenyi hapa hapa Kampala mchana wowote utazikuta zinafuka moshi. Mwenzetu Mueritrea naye amekua nyumbani kwao Jumapili ni tambi na mchuzi wa pilipili ya berbere, na wazee wake wanakunywa makiato bila kufikiri kwamba ni kitu cha kigeni. Hao ndio walioambiwa hawajazoea tambi! Wao ndio walikuwa wa kwanza kusema zimepikwa kupita kiasi, kwa sababu kwao mama akizipika hivyo anachekwa na majirani.

Na sisi Wakongo si wageni wa spageti. Goma na Bukavu watu wanazila, na nyanya na samaki wa kopo, siku ambazo mkaa ni ghali na unataka kitu cha haraka.

Tena wenye chakula chao wana sheria zake, si siri. Carbonara ni chakula cha Roma: mayai, jibini ya maziwa ya kondoo, pilipili manga, na nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Krimu haimo. Ulaini ule unatoka kwenye yai na jibini vikichanganywa na maji kidogo ya tambi. Pizza ya Napoli inaingia kwenye tanuri la kuni lenye joto la kama nyuzi 485, na inatoka ndani ya dakika moja au moja na nusu. Ufundi huo wa Napoli uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017, kama rumba yetu ilivyoingizwa mwaka 2021. Kwa hiyo unga mbichi katikati si "ladha ya kigeni ambayo hamjaizoea". Ni unga mbichi. Muitaliano mwenyewe angeirudisha jikoni, na hakuna ambaye angemwambia hana shukrani.

Hapo ndipo penye shida yetu. Mtalii akirudisha sahani, ni mteja. Mkimbizi akirudisha sahani, ni asante ya punda. Chakula ni kile kile, jiko ni lile lile, bili imelipwa vile vile. Kilichobadilika ni aliyekaa kwenye kiti tu.

Tunajua jibu linalokuja, kwa sababu tumeshaambiwa na baadhi ya wenzetu: "Kule kambini watu wanalala njaa, nyinyi mnalia juu ya pizza?" Jamani, kule kambini ni kwetu. Ni mama zetu na wadogo zetu. Tunakumbuka Aprili 2020, mgao wa WFP hapa Uganda ulipopunguzwa kwa asilimia 30 kwa kukosa fedha. Tunakumbuka Februari 2021 uliposhuka hadi asilimia 60 ya mgao kamili. Mwaka 2023 familia zikaanza kugawanywa kwa makundi kulingana na hali zao, wengine wakaondolewa kabisa. Na sisi tunaoishi mjini mgao hatupati. Mjini ni kujitegemea. Hakuna anayehitaji kutufundisha thamani ya chakula.

Lakini hoja hiyo ina kasoro. Inasema kwamba mwenye njaa hana ulimi. Kwamba kwa kuwa chakula ni kichache, basi ubora wake hauulizwi. Historia inaonyesha hapo ndipo watu wanapoumia, na kwa bahati historia hiyo inapita Italia pia.

Kuna chakula cha Kiitaliano ambacho hakikuwepo kwenye menyu ile. Kinaitwa polenta. Ni unga wa mahindi na maji ya moto, unasonga mpaka unashika. Ndiyo, ni ugali. (Hapa Uganda wanauita posho, Mtanzania ukimwambia posho yeye anafikiria hela ya kujikimu. Kwenye semina sisi tunazingoja zote mbili.) Katika karne ya 18 na ya 19, wakulima maskini wa kaskazini mwa Italia, Veneto na Lombardia, walikula polenta asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu ndicho walichoweza kupata. Wakaanza kuugua: ngozi inachubuka kwenye jua, tumbo linaharisha, akili inachanganyikiwa, halafu mtu anakufa. Ugonjwa ukapewa jina kwa lugha ya kwao, pellagra, maana yake ngozi inayokwaruza. Chanzo ni kwamba mahindi peke yake hayaupi mwili vitamini ya niasini ya kutosha. Matumbo yalikuwa yameshiba na mwili una njaa.

Mnadhani hayo ni mambo ya kale? Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata ugonjwa huo huo, zaidi ya watu 18,000. Mgao wao ulikuwa mahindi kwa wingi, na karanga ndizo zilizokuwa zinaziba pengo la niasini. Karanga zilipokosekana, ugonjwa ukaingia. Kwenye karatasi watu hao walikuwa wamelishwa.

Hatusemi carbonara mbovu ni sawa na pellagra. Tunasema njia ni moja. Anayekula ndiye anayejua kwanza kuna kitu hakiko sawa. Kama umemzoeza kwamba kusema ni utovu wa shukrani, siku ambayo kitu kikubwa kitakosekana hatasema, au atasema na hutamsikia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sahani usiyoila huwezi kuijua kwa kuitazama kwenye picha ya ripoti.

Sasa tuje kwenye pesa, maana wafanyakazi wa mashirika wanaotusoma wanapenda hesabu.

Menyu ilikuwa mezani, tuliisoma. Ukiweka sahani na soda, hakuna kichwa kilichopungua shilingi 50,000. Watu 22, hiyo ni 1,100,000. Kuna mama mmoja wa kwetu, mkimbizi kama sisi, anapikia harusi na matanga. Tulimuuliza: bugali, wali, sombe, samaki, maharage, na kuku kwa asiyetaka samaki, yote halali, anachukua 15,000 kwa mtu, na analeta mpaka mlangoni. Watu 22 ni 330,000. Zinabaki 770,000. Semina ile ile ilimrudishia mwenzetu nauli ya 10,000 wakati yeye alitumia 14,000 kwa boda siku hiyo hiyo, akaambiwa bajeti imebana.

Hapa tuwatendee haki dada na kaka wa mashirika, kwa sababu tuliwauliza, na mmoja alitujibu vizuri bila kuficha. Alisema: "Ndugu zangu, mimi mwenyewe ningependa kula sombe. Lakini huyo mama hana namba ya mlipakodi, hana risiti ya kielektroniki, hana akaunti ya benki. Nikimlipa, mkaguzi ananirudishia mimi deni." Hilo ni jibu la kweli, na tunamshukuru. Mgahawa ule haukuchaguliwa kwa sababu unapika vizuri. Ulichaguliwa kwa sababu unatoa risiti.

Sawa. Basi tutatue tatizo la risiti. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara. Watu wanakuja kutoka nchi nyingine kujifunza jambo hilo hapa. Kuomba namba ya mlipakodi hakulipiwi. Mashirika yanatufundisha "ujasiriamali" kila mwaka, yanatupa vyeti, kuta za nyumba zetu zimejaa vyeti. Afadhali semina moja ipungue, na kwa siku hizo mbili mfanyakazi mmoja wa fedha akae na mama watano wapishi, awaandikishe, awafungulie akaunti, awaonyeshe risiti inatolewaje. Baada ya hapo kila semina inayofanyika mjini hapa inakuwa soko lao.

Na hili si wazo letu geni. Mwaka 2016 kule Istanbul wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana kwamba mpaka 2020 robo ya fedha za misaada, asilimia 25, iwafikie watendaji wa nchi husika kwa njia iliyo fupi kadiri inavyowezekana. Mwaka ulifika, lengo halikufikiwa. Tunapoambiwa ni vigumu kulifikia, tunaelewa: kuna mikataba, kuna ukaguzi, kuna sheria za kila mfadhili. Lakini chakula cha mchana? Kama hata sahani 22 za wali haziwezi kununuliwa kwa mama mkimbizi, hiyo robo itapita wapi?

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwetu ni zito kuliko pizza.

Mwishoni mwa semina tulipewa fomu za tathmini. Hazikuwa na sehemu ya jina. Mdogo wetu mmoja, ana miaka 19, aliandika kwa Kiswahili mistari miwili: chakula hakikuwa kizuri, Waislamu hawakula, siku nyingine mtuulize kwanza. Basi. Hakutukana mtu. Siku mbili baadaye akapigiwa simu. Fomu haikuwa na jina lakini mwandiko wake walikuwa wameuona siku tatu ubaoni. Akaambiwa kwa sauti ya dada mkubwa anayekujali: "Mdogo wangu, maneno kama haya yanaharibu ripoti. Wapo wengi wanaotaka nafasi yako." Baadaye orodha ya semina inayofuata ikatoka. Jina lake halimo. Labda ni bahati mbaya. Labda walitaka kuwapa wengine nafasi, na hilo lingekuwa sawa. Lakini vijana wote tuliiona ile orodha, na kila mmoja akajifundisha somo lake kimya kimya.

Na hii ilikuwa semina ya uongozi. Siku ya pili tulifundishwa "kupaza sauti". Tuna karatasi zake mpaka leo.

Mashirika yana kiwango chao wenyewe kinachoitwa Core Humanitarian Standard. Kilitolewa 2014, kikafanyiwa marekebisho 2024, kina ahadi tisa, na ya tano ni kuhusu malalamiko: kwamba watu wanaosaidiwa waweze kutoa malalamiko kwa usalama na yashughulikiwe. Vijana, tafuteni mkisome. Ni kifupi. Ni ahadi waliyotutolea sisi, na wengi wetu hatujawahi kuambiwa ipo. Malalamiko kwenye kiwango hicho hayaharibu ripoti; ndiyo yanayoonyesha kwamba ripoti haikuandikiwa ofisini.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na yote ni madogo.

Kwanza, tuulizwe. Mstari mmoja kwenye fomu ya kujiandikisha: unakula nini, huli nini, una mzio wa nini. Hakuna bajeti inayoongezeka kwa mstari mmoja.

Pili, kama chakula kinanunuliwa, kinunuliwe kwanza kwa wapishi wa jamii zetu na za majirani zetu Waganda ambao wanatupangishia nyumba na kutuuzia mkaa. Pale ambapo karatasi zinakosekana, shirika lisaidie karatasi zipatikane.

Tatu, fomu ya tathmini ikusanywe na mtu ambaye si mwandaaji wa semina. Iwekwe kwenye sanduku, isisomwe kwa mwandiko.

Nne, mdogo wetu arudishiwe nafasi yake, au aambiwe kwa maandishi kwa nini aliondolewa. Hatutaki mtu afukuzwe kazi kwa hili. Dada aliyepiga simu naye ana bosi, na bosi ana mfadhili, na kila mmoja anaogopa anayemtazama kutoka juu. Tunalijua hilo kuliko mnavyodhani. Lakini hofu ikianza kule juu isimwagike yote mpaka kwa msichana wa miaka 19 aliyesema Waislamu hawakula.

Na ninyi vijana wenzetu, tunaongea na nyinyi pia. Kuna tabia tumejijengea: mbele ya wageni tunasifia kila kitu, halafu kwenye simu zetu usiku kucha tunasema yote. Tunaelewa inatoka wapi. Ukiwa huna kitambulisho cha kudumu, ukiwa unasubiri jibu la mahojiano miaka minne, unajifunza kutabasamu. Lakini sifa ya uongo haimsaidii hata anayesifiwa. Mwaka huu wametupeleka kule kwa sababu mwaka jana kundi lingine liliandika "vizuri sana" kwenye fomu zote. Tuliambiwa hivyo, kwa fahari. Hebu fikirini, hao waliotutangulia nao walikula ule ule unga mbichi.

Shukrani na ukweli vinakaa kwenye mkeka mmoja. Tunashukuru kwa semina, kwa mwalimu wa siku ya kwanza ambaye alitufundisha kusoma bajeti (mnaona ameshaanza kutusaidia), na kwa nia njema ya waliotaka tule mahali pazuri siku moja. Nia tuliiona. Chakula pia tulikiona.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tunakutana kama kawaida. Safari hii mama wapishi watatu wamekubali kupika, kila familia inachanga kidogo, na Wasomali wameahidi baasto ili tujue tofauti. Wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, mnakaribishwa, bila bango na bila kusaini karatasi ya mahudhurio. Tuandikieni mapema kama kuna kitu hamli. Na mkikuta chumvi imezidi kwenye sombe, semeni. Mama hatakasirika, atauliza tu mngependa iwe vipi.